Mayi Iko Namna Gani Leo

Koleo zima la tope lilimpata Hulda mguu wa kushoto, Jumamosi saa mbili kasoro asubuhi, mbele ya soko lote. Lingekuwa tope la mvua, lile jekundu la Butembo ambalo mtu hulizoea tangu anapotambaa, asingesema neno. Lakini hili lilitoka mferejini. Lilikuwa jeusi, zito, lina manyoya ya kuku na kitu cheupe ambacho hakutaka kujua ni nini. Liliteremka polepole juu ya soksi, likaingia kiatuni, likajipenyeza kati ya vidole, la uvuguvugu kama uji.

Hulda alisimama. Alifunga macho, kisha pua. Alihesabu hadi kumi, kwa sababu akifika kumi bila kutapika basi hatatapika.

"Pardon, mama," sauti ya mwanaume ilisema.

"Mi hapana mama yako."

"Pardon, dada."

"Na dada yako, hapana. Dada yako ungemuona."

Wanawake waliokuwa wakifagia mbele ya vibanda vya unga walicheka. Ilikuwa siku ya salongo. Maduka yalikuwa bado yamefungwa, kila avenue ilikuwa nje na majembe, mafagio na makoleo, watu wakikwangua mifereji yao. Hulda alijua kwamba siku kama hiyo mwenye akili hakimbii mjini na viatu vyeupe. Lakini kilima cha nyumbani kilikuwa na ukungu, na zoezi ni zoezi.

Alipofungua macho aliona mabuti ya njano ya plastiki, halafu suruali iliyopandishwa magotini, halafu shati la miraba, halafu kipaza sauti kilichoning'inia kifuani kwa kamba ya katani. Juu ya hayo yote kulikuwa na uso mrefu, mweusi, wenye haya. Mwanaume aliweka koleo chini, akapiga magoti palepale kwenye mawe, akavua kiatu cha Hulda kama mtu anayemvua mtoto aliyesinzia. Alimimina maji yake ya kunywa toka kibidoni. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa mche wa sabuni.

"Unatembeaka na sabuni mu mufuko?"

"Mi njo naipikaka. Naitwa Mathe. Sabuni Korongo, kiwanda ile ndogo pale chini karibu na kijito. Na mu hii kartie, hii mtaa yetu, mi njo chef wa salongo."

"Basi weye unachafua batu Jumamosi, na siku zingine unabauzishia sabuni."

Mathe alicheka akiwa bado ameinamia kiatu. Hulda alimwangalia kucha. Alikuwa akifanya kazi ya kupiga pasi kwenye pressing moja ya katikati ya mji, na miaka minne ya kupokea nguo za watu ilikuwa imemfundisha kuwajua kwa kola, kwapa na kucha. Alijua bwana gani anakula kwa mkono na kujipangusa tai. Aliwahi kukimbia nje akashikilia ukuta kwa sababu ya soksi za mheshimiwa mmoja. Kucha za Mathe, pamoja na tope lote lile, zilikuwa safi hadi kwenye mizizi, na mikono yake ilinuka mawese yaliyochemka na kitu kikali kama asubuhi ya baridi.

"Na unakimbilia wapi mapema hivi?" Mathe aliuliza.

"Kinshasa."

"Na miguu?"

Ikabidi amweleze, huku mguu mmoja ukiwa hewani na mkono wake, sijui ulifikaje, ukiwa begani kwa mtu asiyemjua. Mwezi wa tatu kutakuwa na triathlon hapa mjini, ya kwanza kabisa. Mtu anaogelea ng'ambo hadi ng'ambo ya bwawa, anatoka anapanda kinga, yaani baiskeli, anazunguka mji mara tatu, anatupa kinga anakimbia hadi uwanjani. Siku moja, bila kukaa chini.

"Na nani anakufukuza?"

"Hakuna."

"Aka. Batu ya siku hizi."

"Ba mwanamuke tatu ba kwanza wataenda Kinshasa, kwenye course kubwa, mashindano ya inchi yote. Mi kwa kinga niko kawaida, na kwa mbio niko kawaida. Lakini mu mayi," Hulda alisema, na kidevu kikampanda, "mu mayi wataona kisigino yangu tu."

Mathe alimrudishia kiatu. Kilikuwa cheupe kuliko kilivyotoka nyumbani.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kabla ya Noeli simu ya Hulda ilikuwa imejaa jina moja. Yeye alimwandika Papa Koleo. Mathe alimwandika Samaki. Mathe alimpigia akisubiri chungu kichemke, na Hulda aliweka simu kwenye bega akaendelea kupiga pasi.

"Samaki, umekula?"

"Nilikula. Na weye?"

"Mi nakula sauti yako."

"Basi utakonda."

Jumapili alimsindikiza hadi mlangoni mwa kanisa, Hulda akiwa na kitenge cha kwaya cha bluu na kilemba kilichosimama kama taji, Mathe na koti la marehemu baba yake lililombana kwapani. Akina mama wa kwaya walimtazama wakaona anafaa. Kilichowashinda ni mambo ya kuogelea. Walimwita Hulda pembeni wakamuuliza kama ni kweli atavua nguo mbele ya mji. Akawaonyesha vazi lake: suruali nyeusi ya kubana hadi chini ya magoti, fulana ya mikono, na juu yake kisketi alichokishona mwenyewe. Mama mmoja alilipapasa akasema, mwanangu, na hii utazama.

Hakuna aliyejua kwamba Hulda alishazama zamani. Alikulia Beni, kwa tantine Berthe, dada mdogo wa mama yake, aliyefua mashuka kwenye hoteli yenye piscine. Jumatatu, kabla ya maji kubadilishwa, watoto wa wafanyakazi waliruhusiwa kuingia. Ndipo alipojifunza kuogelea, kwenye maji ya wiki nzima, ya kijani, yenye nywele za wageni, plasta za vidonda na mate. Alijifunza kuogelea haraka kwa sababu alitaka kutoka haraka. Hiyo ndiyo siri ya mwendo wake, na alimwambia mtu mmoja tu.

"Mathe, mi sina shida na njia," alimwambia wiki ile ya mashindano. "Shida yangu ni mayi. Uchafu ya salongo munaitupaka wapi?"

"Tunaipanga pembeni ya kijito. Kisha lori inakuya kubeba."

"Na kijito inaenda wapi?"

"Mu bwawa. Mais lori itabeba, chérie. Ba organisateur banatuahidi lori. Mi mwenyewe nitasimamia. Utapita mu kartie yangu utasema ni Ulaya."

Ijumaa, siku moja kabla, waandaaji walitangaza salongo kubwa ili mji upendeze. Hakuna kartie iliyofagia kama ya Mathe. Alipita mlango kwa mlango na kipaza sauti chake, akisema Hulda wetu atapita hapa, msimwaibishe. Watu walikwangua mifereji ambayo haikuguswa tangu enzi za wazazi wao. Wachinjaji walimwaga taka za mashimo yao. Mathe naye alisafisha uwanja wa kiwanda: masimbi, yaani makapi ya sabuni, ya miaka kumi, majivu, magunia ya makaratasi ya kufungia yaliyooza, yote yenye picha ya korongo amesimama kwa mguu mmoja. Milima ya uchafu ilipangwa kando ya kijito, mizuri, iliyonyooka, ikisubiri lori.

Alfajiri mvua ilinyesha.

Saa kumi na mbili na robo Hulda alipiga simu. Alikuwa amevaa tayari, nywele amezisuka mistari minne ya kulala, tumbo limejaa chai na woga.

"Papa Koleo. Mayi iko namna gani?"

 Kwanza alisikia jogoo wa jirani wa Mathe tu.

"Mathe?"

"Mayi iko," Mathe alisema. Akakohoa. "Mayi iko muzuri, chérie. Kuya tu."

Bwawa lilikuwa limefunikwa na ukungu. Watu elfu, sijui elfu ngapi, walikuwa wamepanga miavuli ukingoni, na Papa Kambere, mwenyekiti wa mashindano, mtu mnene wa trakisuti nyekundu, alipuliza filimbi kabla hajamaliza hotuba yake mwenyewe. Wanawake kumi na wawili waliruka.

Kilichomgusa Hulda kwanza ni povu. Lilikuwa la kahawia, nene, linateleza, linanuka sabuni iliyochacha. Alifikiri ni la ukingoni tu. Alipiga mikono mitatu, akazamisha uso, na maji yakamkataa. Ni neno hilo tu lililomjia. Yalikuwa mazito kama mchuzi uliolala. Kitu kirefu, laini, kikamzunguka kifundo cha mkono. Alipokitikisa aliona ni utumbo. Aliinua kichwa kuvuta pumzi na pumzi yenyewe ilikuwa na ladha. Mbele yake binti mmoja wa Lubero alikuwa amesimama kwenye kina cha kifua, analia, anajipangusa ulimi kwa viganja vyote viwili. Nyuma yake mwingine aliomba mtumbwi. Jokébed, jirani yake wa kwaya, alikuwa akiogelea kwa mgongo, macho juu, midomo imekazwa kama ya mtu aliyebeba maiti.

Hulda alitapika akiogelea. Aligeuza kichwa, akatapika, akapiga mkono, akapita juu ya alichotapika, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Alimeza. Kila mtu alimeza. Katikati ya bwawa karatasi ilimganda shavuni, na hakuweza kuitoa hadi alipogusa tope la upande wa pili kwa magoti. Hapo aliibandua. Wino ulikuwa umevuja kidogo, lakini korongo alikuwa bado amesimama kwa mguu mmoja.

Alikuwa wa kwanza kutoka. Watu walishangilia, halafu wakamwona vizuri, na kelele zikafa.

Mathe alisimama kwenye majani na shati jeupe lililopigwa pasi na Hulda mwenyewe, ameshika taulo jeupe kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Hii inatoka wapi?" Hulda aliuliza, akimwonyesha karatasi.

"Hulda. Lori haikukuya. Na mvua."

"Ulijua?"

"Kimbia kwanza, Samaki. Kinga yako ni hii hapa."

"Ulijua?"

"Saa kumi na mbili nilienda kuangalia. Sikukuta kitu. Yote ilikuwa imebebwa na mayi."

"Na mi nilikupigia saa kumi na mbili na robo."

"Ndiyo."

"Ulisema nini?"

Wasichana wawili walitoka majini wakipumua kama mbuzi, wakapita wakakimbilia kinga zao. Hulda hakusogea.

"Sema. Ulisema nini?"

"Nilisema mayi iko muzuri." Sauti yake haikuzidi sauti ya majani. "Niliogopa utaacha. Mwaka muzima ulikuwa unaota hii course. Nilijiambia labda itakuwa kidogo, labda hautaona."

Hulda alibandika ile karatasi juu ya mfuko wa shati jeupe, akaikandamiza kwa kiganja kama anayegonga muhuri.

"Usinipigie tena," alisema. "Kinywa yako njo inanuka kuliko bwawa."

Akapanda kinga bila taulo. Mji aliozunguka mara tatu ulikuwa safi kama sahani ya mgeni. Hapakuwa na ganda la muhindi, hapakuwa na mfuko. Kila avenue iliyofagiwa ilimkumbusha uchafu wake ulikokwenda, na kila mita ilimchukiza zaidi ya ile ya nyuma. Alitapika juu ya usukani kwenye mzunguko wa pili. Kwenye mbio tumbo lilimkata kama wembe, lakini alikuwa wa tatu, na wa tatu anaenda Kinshasa. Alikuwa wa tatu hadi mita mia mbili kabla ya uwanja. Jokébed alimpita akilia, akimwomba msamaha kila anaposogeza mguu.

Wa nne haendi popote.

Tantine Berthe alimchukua kwake Beni, kwenye joto, kwenye nyumba yenye sakafu inayonuka jiki ya kung'arishia nguo na mashuka ya hoteli. Muuguzi alisema ni tumbo, na ngozi pia. Hulda alilala kwenye mkeka na ndoo pembeni, mikono imejaa vipele, na hata maji ya kunywa yalipomkaribia mdomoni aliyaona yana povu. Simu ililia mara tano, mara kumi kwa siku. Tantine ndiye aliyepokea.

"Hapana, papa. Amelala. Hapana, hatakuongelesha. Weye njo ulimukunywesha matumbo ya ng'ombe?" Akafunika simu kwa kiganja. "Anasema ndiyo. Angalau anasema ndiyo."

"Kata, tantine."

"Anauliza kama umekula."

"Kata."

Wiki ya tatu, barabara ya Beni ilipokuwa imetulia kidogo, bila milio ya risasi, na mabasi yanapita, Hulda alimsikia Mathe kabla hajamwona, na alimsikia kwa pua. Ile harufu iliingia mlangoni kwanza: tope la bwawa, utumbo, sabuni iliyochacha. Akaivuta ndoo karibu. Halafu mlango ukajazwa na yule mtu mrefu, amekonda, mikono yake ina vipele kama vyake.

"Wavukire, mama," alimsalimia tantine. Hakukaribia. "Nilioga mara mbili. Haitokake."

"Unatoka wapi hivyo?" tantine aliuliza.

"Mu bwawa. Naitoa ile uchafu. Kila asubui mbele ya kuanza kazi."

"Weye haujue kuogelea," Hulda alisema toka mkekani. Hakuwa amekusudia kusema neno.

"Nafika mu shingo tu. Kisha narudi."

Aliendelea kusimama pale. Hakusema pardon, na Hulda, aliyekuwa ameandaa majibu matano kwa ajili ya pardon, hakujua ayapeleke wapi. Mathe alimweleza mambo yalivyo. Kwamba lori halikuja na yeye hakwenda kuuliza. Kwamba masimbi yalikuwa ya kiwanda chake. Kwamba amewaambia watu wa kartie wote, siku ya salongo, kwa kipaza sauti, kwamba alijua na alinyamaza, na kuna mama mmoja alimtemea mate miguuni.

"Ulifanya nini?"

"Nilipangusa. Na sabuni."

Hulda alitaka kucheka, lakini kilichopanda hakikuwa kicheko. Aliinamia ndoo. Alitapika vibaya, kwa sauti, kwa muda mrefu, na alitamani sakafu immeze, kuliko kuonwa hivyo na mwanaume, kilemba kimemwanguka, kamasi na machozi pamoja. Alipoinua uso, ndoo haikuwepo. Kupitia mlango wa nyuma alimwona Mathe amechuchumaa kwenye mawe ya kufulia, anaisugua kwa kiganja, polepole, chini, pembeni, kwenye mpini. Aliisuuza mara tatu. Hakugeuza uso hata mara moja.

Tantine Berthe alikuwa akikunja shuka. Alilea watoto saba, wanne si wake.

"Mi nilifua bitanda ya batu miaka makumi mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Kinyaa yangu haikuishake. Mais ya mutoto wangu sikuisikiake hata siku moja. Weye utaona siku utazaa. Pua inajua mutu wake."

Mathe alirudisha ndoo mahali pake. Ilinuka Sabuni Korongo.

"Mi sikukasirikia tope," Hulda alimwambia. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Nilikasirikia kinywa yako."

"Najua."

"Kila asubui utaniambia mayi iko namna gani. Hata sikuulize. Hata iko mubaya namna gani."

"Kila asubui?"

"Kila asubui. Siku moja tu ukiipakaa sukari, ni mwisho."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku ile, saa kumi na mbili na robo, simu ya Beni ililia.

"Bonjour, chérie. Leo kuna kandambili tatu, zote za kushoto. Kuna kichwa ya mbuzi. Inaniangalia."

"Macho iko?"

"Moja."

"Ee Mungu."

Siku nyingine alimwambia juu ya godoro lililovimba, lenye panya waliokuwa wamefanya familia. Siku nyingine ni nepi. Siku nyingine alisema tu, "Hulda, leo siwezi kukusemea mbele ukule," naye Hulda akamwambia nimeshakula, sema. Alijikuta akiamka kabla ya simu. Alijikuta akicheka na kinyaa kikimpanda hapohapo, viwili pamoja, kama mtu anayekunwa kidonda. Mabinti wengine wanaimbiwa nyota. Yeye aliletewa panya, na kila panya alikuwa wa kweli.

Mathe alinunua mianzi Vuhovi, akasuka uzio mzito kama chekeche, akausimika mahali kijito kinapoingia bwawani. Mwanzoni watu walimcheka. Kisha wawili wakaja kumshikia, kisha kartie nzima. Mwezi wa tisa simu ilikuwa fupi.

"Leo ni majani tu."

"Majani ya nini?"

"Ya mikaratusi. Na bata. Hai."

Hulda alirudi Butembo, kwenye pasi zake, kwenye kwaya, na siku moja ya jua akaingia bwawani hadi magotini, akanusa, akaingia yote. Mathe alimtazama toka ukingoni, ameshika taulo. Hulda alimfundisha kuelea, kiganja chini ya tumbo lake, na mtu mzima yule alipiga kelele kama mwanakondoo. Ba oncle wa Mathe, ndugu za baba yake, walianza kuulizia siku ya kuleta mbuzi wa mahari. Hulda alisema, baada ya triathlon ya mwaka ujao. Alitaka kwanza kwenda kuchukua kile alichonyang'anywa.

Safari hii wangechagua wawili tu. Jokébed alikuwa amepata kinga mpya na aliwapita wote kwenye mbio, na kulikuwa na mabinti wa Kirumba wenye miguu ya swala. Hulda hakuwa na kitu isipokuwa maji. Alilijua hilo, na mji wote ulilijua. Ndani ya bwawa angewaacha dakika nne, na hizo dakika nne ndizo Kinshasa.

Asubuhi ya mashindano mvua ilikuwa imenyesha tena. Simu ililia mapema, saa kumi na moja na nusu.

"Hulda." Alikuwa akihema. "Mianzi ilivunjika. Mti ulianguka juu yake. Kuna mbwa mufu, kuna uchafu ya machinjioni, kuna povu mpaka katikati. Ni mubaya kama mwaka ule. Sasa naenda kwa Papa Kambere. Nilitaka ujue wa kwanza."

Hulda alikaa kitandani. Suruali nyeusi ilikuwa imeshavaliwa. Papa Kambere akijua, ataondoa kuogelea; itakuwa mbio, kinga, mbio. Alihesabu haraka kama anavyohesabu ili asitapike. Jokébed. Wale wa Kirumba. Yeye.

"Ukungu iko?" aliuliza.

"Mingi. Hakuna mutu anaona."

"Mathe." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Mi nilishaogelea ndani yake. Sikufa. Kama haumuambie..."

Alijisikia. Alisikia sentensi yake mwenyewe ikining'inia pale kama ule utumbo kwenye kifundo cha mkono. Aliwaona mabinti wengine, yule wa Lubero akijipangusa ulimi. Kinyaa kilimpanda toka tumboni hadi kooni, chachu, kikali, na safari hii hakikutoka bwawani wala kwa mwanaume yeyote.  Mathe hakumsukuma, hakumkaripia. Alingoja tu, na pumzi zake zilisikika, za mtu aliyesimama ndani ya maji ya baridi.

"Enda umuambie," Hulda alisema. "Kimbia. Wataanza saa moja."

"Samaki."

"Kimbia, Mathe. Mi niko kawaida kwa mbio. Nitaona."

Hulda alikimbia, kweli. Alikimbia mbio za kwanza, zilizowekwa badala ya kuogelea, akapanda kinga, akazunguka mji mara tatu kwenye matope mekundu, akakimbia tena. Alikimbia na mapafu yote aliyopewa na piscine ya Jumatatu. Jokébed alikuwa wa kwanza, na Hulda alifurahi kwa ajili yake, kiasi fulani. Mabinti wawili wa Kirumba walifuata. Papa Kambere alimtangaza Hulda kwenye kipaza sauti akisita kidogo, kwa sababu hata yeye alikumbuka.

"Wa ine," alisema. "Tena."

Watu walicheka, naye Hulda akacheka, akiwa ameinama, mikono magotini, mate marefu yakimtoka mdomoni na yeye hajali nani anaona. Alipoinuka alimtafuta. Mathe hakuwa kwenye kamba pamoja na wengine. Alisimama peke yake mbali, karibu na lango, kwa sababu kila aliyemkaribia alisogea. Tangu asubuhi alikuwa amewatoa mbwa na kufunga mianzi. Alikuwa mweusi wa tope hadi kwapani, kuna unyoya umemganda shingoni, na mainzi walikuwa wameshamjua. Hakuwa na taulo.

Hulda alitembea hadi kwake. Viatu vyeupe havikuwa vyeupe. Akaweka paji la uso juu ya kifua kile, kwenye tope, akavuta pumzi yote.

"Unanuka," alisema.

"Najua."

"Unanuka mubaya sana, Mathe."

"Ni yule mbwa wa pili."

Alibaki hapo.  Aliingoja ile hali ya kuhesabu hadi kumi, na haikuja.

"Ambia ba oncle yako balete mbuzi."

Mathe hakusogea, kama anayeogopa kumwaga kitu. "Leo?"

"Leo," Hulda alisema. "Mais uoge kwanza."